Kahawa ya Nyiramana kwenye mashine ya Goma

Dada yangu mkubwa Nyiramana anakaanga kahawa kuliko mtu yeyote hapa Kirolirwe, na hajawahi kuionja. Sisi ni Wasabato. Kanisa letu linakataza kahawa kama linavyokataza pombe, na yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, ni mtu wa kushika neno. Wazee wa kanisa walimwita wakamuuliza kwa nini anauza kitu asichokinywa. Aliwajibu kwamba hata fundi wa majeneza halali ndani yake. Wakacheka, wakamwacha.

Kazi hiyo aliipata katika kambi ya wakimbizi, wakati vita ilipotutoa mashambani. Mume wake alifia huko kwa kuhara, na hema la jirani lilikuwa la mama mmoja aliyekaanga kahawa kwenye sufuria kuukuu. Yaya alianza kwa kumpepelea moto. Akajifunza kwa sikio na kwa pua. Kahawa ikianza kupasuka, anapunguza kuni. Ikitoa harufu kama ya mkate unaotaka kuungua, anaiepua na kuimwaga kwenye ungo, anaipepeta mpaka ipoe, kisha anaitia kwenye kinu. Unga wake anaupima kwa kijiko cha mti, na kila kijiko anakisawazisha kwa kidole kabla ya kukimimina. Tuliporudi nyumbani alirudi na ujuzi huo, na watu wakaizoea kahawa yake.

Kwetu ni baridi, nchi ya ng'ombe na maharagwe. Kahawa haizai vizuri. Zamani yaya aliinunua kwa watu wa milima ya jirani, lakini wengi wamekimbia na miti yao imemezwa na majani. Ndipo akaanza kuipata kwa wamama wanaopanda kutoka Mpofi na Ntoto, kule chini upande wa Walikale. Wanakuja na kahawa na mafuta ya mawese, wanashuka na jibini yetu, ile tunaita fromage. Jambo hilo halisemwi kwa sauti. Upande huu kuna wenye bunduki, upande ule kuna wengine, na anayefanya biashara na upande wa pili huambiwa anapeleka habari. Nimeona nyumba ya mtu ikichomwa kwa sababu ya gunia la chumvi. Yaya alikuwa anawaambia watu kwamba kahawa ni ya Masisi, ya milima ya huku kwetu. Mimi nilijua inatoka wapi, na kila siku ya soko nilikuwa ninatazama barabara mpaka soko linapokwisha.

Hata hivyo hofu kubwa haikuja kwa njia hiyo.

Papa Léopold ni jirani yetu mwenye ng'ombe wengi. Ng'ombe wake waliingia katika shamba la yaya wakala maharagwe yaliyokuwa yameanza kutoa maua, na maneno makali yakapita kati ya nyumba mbili. Mwisho wake kapita, ndiye mkubwa wa kijiji chetu, aliwapatanisha. Asubuhi moja Papa Léopold akaja mwenyewe kwa yaya kumaliza ugomvi, na mwanaye Prince akiwa nyuma yake. Nilikuwa hapo. Yaya akaleta thermos.

Kwetu anayekaribisha hunywa kwanza. Unaonja mbele ya mgeni, ndipo unampa, hata ikiwa ni maji. Sumu tunaiogopa kuliko risasi, kwa sababu risasi unaisikia ikija. Yaya alimimina kahawa akamkabidhi mzee bila kuonja.

"Mama Nyiramana, na weye?" Papa Léopold akauliza. "Hauonje?"

"Unajua kanisa yangu, Papa."

"Basi leo Mungu wako, yeye njo ataonja." Akacheka, akanywa.

Alikuwa hajala kitu, maana alitaka kumaliza maneno kabla ya kula. Yaya akamwongeza, akamwongeza tena. Siku ya kupatana, kukataa kikombe ni kukataa kupatana, kwa hiyo mzee hakukataa. Prince hakunywa, alikuwa bado na hasira. Mzee aliposimama kuaga, niliona mikono yake inatetemeka. Akashika kifua, akatapika mlangoni, akaanguka na kugonga kichwa kwenye jiwe la kizingiti.

Kabla hatujamfikisha kwenye kituo cha afya, habari ilikuwa imetutangulia. Watu walisema karuho, jina tunaloipa sumu. Émile, muuguzi wa kituo, alimpima mzee akatoka nje akijifuta jasho.

"Moyo unakimbia sana," akasema. "Inaweza kuwa sumu. Inaweza kuwa kahawa yenyewe, ao presha. Mimi siko na mashine ya kujua."

"Kahawa tunakunywa kila siku," Prince akamjibu. "Nani uliona inamuangusha?"

Mzee alikuwa hai, lakini hakusema neno la kueleweka.

Tuliitwa kwa kapita, na tulipofika uwanja ulikuwa umejaa. Yaya alikuwa amekalishwa chini katikati, kitambaa kimemtoka kichwani. Mtu mmoja, sitamtaja, alikuwa ameleta bidoni ya essence, dumu zima la petroli. Aliiweka karibu na mguu wake kama mtu aliyetoka dukani kununua mafuta ya taa. Kila mtu aliiona na hakuna aliyemuuliza. Mimi nilitaka kusema kitu. Toka utotoni watu wengi wakinitazama mimi sauti inapotea, na siku hiyo ilipotea kabisa.

Émile ndiye aliyemwokoa yaya kwa wakati ule. Alisema Goma kuna maabara ya ushirika wa kahawa, ina mashine inayotenganisha vitu vilivyo ndani ya kahawa na kuvipima kimoja kimoja. Alisoma na dada mmoja anayefanya kazi pale, Estelle. Unga uliobaki upelekwe huko.

"Na wakiubadilisha njiani?" mtu akauliza.

"Prince atakwenda nao," kapita akasema, akaninyoshea na mimi kidole. "Prince na Sebarenzi. Mmoja wa nyumba hii, mmoja wa ile. Mama atabaki kwangu. Hakuna muntu atamugusa mbele ya jibu kufika. Nyuma ya jibu, siwezi kusema."

Wakafunga kopo la unga wa yaya mbele ya wote, wakadondosha nta ya mshumaa kuzunguka kifuniko, kapita akakandamiza kidole chake juu ya nta. Nilipomuaga yaya, alinishika mkono.

"Sebarenzi, kama mashine itasema mubaya, usirudi huku."

Kisha akapelekwa jikoni kwa kapita.

Tulipanda pikipiki moja, Prince akiendesha, mimi nyuma na kopo kifuani ndani ya koti. Ukungu ulikuwa mwingi mpaka Sake. Pikipiki ilipokuwa inaruka kwenye mashimo nilikuwa ninafikiria nta inapasuka, na ikipasuka Prince atasema nimeifungua.

"Muzee," akanigeukia tuliposimama kutia mafuta, "unatetemeka mpaka pikipiki inatetemeka. Ni baridi ao ni kitu unajua?"

"Ni baridi."

"Mimi sisikie baridi."

Estelle alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, na koti jeupe, na sauti ya mtu aliyezoea kuulizwa. Alitazama alama ya kidole cha kapita kwenye nta, akatutazama sisi wawili, akaacha tuingie tuone kila kitu kwa macho. Mashine yenyewe ilinikatisha tamaa. Nilifikiri nitaona kitu kikubwa. Yalikuwa masanduku machache yamepandana kama redio, na chupa za maji na za dawa juu yake, na mirija myembamba kama uzi.

Alivunja nta, akapima unga kidogo kwenye mizani, akautia katika maji ya moto na kuukoroga, kisha akaupitisha kwenye chujio laini sana. Maji yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Akayatia kwenye kichupa kidogo kama cha dawa ya sindano. Akatuonyesha bomba fupi la chuma, lenye urefu wa kiganja. Ndani yake, alisema, kumejazwa unga mweupe mlaini kuliko poda ya mtoto. Mashine inasukuma kahawa ipite ndani ya bomba hilo, na kila kitu kilicho ndani ya kahawa kinatembea kwa mwendo wake. Vingine vinateleza haraka, vingine vinang'ang'ania unga na kuchelewa. Mwishoni kuna taa inayoviona vinapotoka, na kila kinachotoka kinachorwa kwenye skrini kama mlima.

"Tunatafuta alkaloide," akasema. "Ni vitu vichungu, muti unavitengeneza juu ya wadudu, wasiukule. Kafeini iko moja yao."

"Na sumu za porini?" Prince akauliza.

"Nyingi za miti ni za jamaa ile ile."

"Kwa hiyo kahawa na sumu ni ndugu."

"Ni ndugu, ndiyo. Kama vile mutoto wa padri na mutoto wa mwizi wanaweza kuwa ndugu."

"Padri hana mutoto, dada."

"Uko na uhakika?" Estelle akasema, akageukia kazi yake. Prince alitabasamu kidogo bila kupenda. Mimi sikuweza kutabasamu. Nilikuwa nimesikia neno moja tu, kwamba ni ndugu.

Kwanza alipitisha kafeini safi peke yake, ili ajue inatoka wakati gani. Mstari ulikaa umelala, umelala, kisha ukapanda mlima mmoja ukashuka. Halafu akapitisha kahawa ya milima ya juu anayoijua. Ukatoka mlima mdogo mwanzoni, vilima vidogo sana katikati, na pale pale pa kafeini, mlima mkubwa. Ule wa mwanzo aliuita trigoneline. Huo moto unaula, alisema, kahawa ikikaangwa sana unapungua. Kafeini moto hauiwezi.

Kisha kichupa chetu.

Mstari ulianza kutembea. Mlima wa mwanzo ukatoka, mfupi kuliko ule wa kwanza, maana yaya anakaanga mpaka nyeusi. Halafu umeme ukakatika. Skrini ikawa giza, na Prince akasimama.

"Inakatika pale pale tu?"

"Goma inakatika kila saa, kaka," Estelle akasema. "Kaa."

Ilibidi wawashe jenereta, wasubiri mashine itulie, waanze upya. Mimi nilibaki nimekaa na mikono kati ya magoti. Niliomba, lakini sikujua niombe nini, kwa sababu kilichokuwa ndani ya kichupa kilikuwa tayari ndani ya kichupa.

Safari ya pili mstari ukafika mahali pa kafeini. Ukapanda. Ukapita pale ulipofika mlima wa kahawa ya kwanza, ukaendelea kupanda, na Prince akaweka kidole juu ya skrini.

"Njo hii," akasema polepole. "Hii njo karuho."

Estelle alikuwa anatazama mstari unavyoshuka, na uliposhuka hakuondoa macho. Aliungoja mpaka mwisho, na mpaka mwisho ulilala sawasawa kama maji ya beseni. Ndipo akavuta pumzi.

"Ile mlima uko fasi ya kafeini, hapana fasi ingine. Na nyuma yake hakuna kitu. Kama muntu angetia sumu ya muti, ningengojea kuona mlima ingine, fasi ambayo haipashwe kuwa na mlima. Hakuna."

"Unaweza kuapa hakuna sumu?"

"Kuapa, hapana. Mashine inajibu ile umeiuliza. Sumu ya panya ao dawa ya mashamba iko na njia yake ya kuitafuta. Lakini sikia, kaka. Kafeini ya hapa ni karibu mara mbili ya kahawa ya kwenu. Baba alikunywa ngapi?"

Prince akamwambia.

"Tumbo tupu?"

"Tumbo tupu."

"Basi mimi sihitaji sumu ya kumuangusha muzee wa miaka ile. Moyo kukimbia, mikono kutetemeka, kutapika, njo kazi ya kafeini nyingi." Akaligusa kopo la yaya kwa kalamu. "Ni kwa sababu hii kahawa haitoke juu kwenu. Iko robusta. Inatoka kwenye joto, chini, Walikale huko."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema kesho itanyesha. Prince aligeuza kichwa akanitazama.

Tulipotoka nje nilikuwa ninafikiria mambo mawili kwa pamoja na yote mawili yangemwua yaya. Nikafika kwenye pikipiki, nikasimama kando yake bila kupanda.

"Papa Sebarenzi," Prince akasema. "Yaya wako ananunua Walikale."

Nilianza kufunga vifungo vya koti.

"Ukinyamaza unajibu."

"Prince, ukisema ile neno pale kwenye uwanja, wale wenye bunduki wa bariere watasikia mbele ya jioni. Watamuchukua."

"Na nisiposema, nitasema nini? Watu watauliza, kahawa ya kila siku iliangusha baba namna gani? Bila kusema iko ya chini, hakuna mwenye ataamini. Watarudilia karuho." Alipiga teke jiwe la lava. "Unaona fasi umeniweka?"

Alikaa juu ya pikipiki muda mrefu bila kuiwasha, akitazama watu wanavyopita. Nilifikiri juu ya baba yake kitandani. Nilifikiri kwamba yeye ana haki ya kumchukia yaya, na mimi sina haki ya kumwomba kitu.

"Fromage ya baba inashuka na wale wamama wale wale," akasema mwishoni. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Kila muntu anajua, na kila muntu ni kipofu." Akawasha pikipiki. "Panda."

Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, walitusimamisha. Kijana mwenye bunduki akaniambia nifungue koti, akaona kopo, akalifungua na kunusa.

"Kahawa ya wapi hii?"

Sauti yangu ikapotea. Nilimwona yule kijana anangoja, na nikaona kidole chake kinavyochezea mkanda wa bunduki.

"Ya kwetu, chef," Prince akasema. "Usimuulize huyu muzee, yeye hata bibi yake alimuoa kwa ishara. Tulipeleka kuipima."

"Kupima nini?"

"Kama iko na nguvu."

"Na iko nayo?"

"Inaangusha ng'ombe."

Kijana akacheka, akamimina unga wote katika mfuko wa plastiki, akatupa kopo tupu. Tukapita. Tulipofika kwenye kona ya kwanza Prince alisimamisha pikipiki akatapika pembeni ya barabara. Ndipo nikajua kwamba na yeye alikuwa anaogopa, muda wote.

Uwanja wa kapita ulikuwa umejaa tena kabla hatujashuka. Yaya alitolewa jikoni akasimamishwa mbele. Yule mtu wa bidoni alikuwa pale pale. Njiani Prince hakuwa ameniambia atasema nini, nami sikuthubutu kumuuliza.

"Tuliona na macho yetu," akaanza. "Mashine inatenga kila kitu kilicho ndani ya kahawa, inakionyesha peke yake. Sumu ya muti haikuonekana. Ni kahawa. Lakini kahawa yenyewe ilikuwa mara mbili."

"Mara mbili namna gani?" kapita akauliza.

"Nguvu ya vikombe viwili ndani ya kimoja. Na baba hakukuwa amekula." Akamnyoshea yaya kidole. "Huyu mama hanywe kahawa. Hajui inafanya nini kwa muntu. Alitia unga mara mbili, akaendelea kumimina tu."

Watu wote wakamgeukia yaya.

Ninamjua dada yangu. Kijiko chake anakisawazisha kwa kidole hata akiwa na homa. Kambini aliwahi kugombana na mama aliyemfundisha kazi kwa sababu ya kijiko kilichojaa kupita kiasi. Hakuna kitu duniani anachojivunia isipokuwa kipimo chake, na sasa nilimwona ananyoosha shingo na kufungua kinywa. Akisema tu kwamba alipima kama kila siku, wataanza kuuliza nguvu ilitoka wapi. Sikuweza kumkonyeza, maana watu walikuwa wananitazama na mimi. Niliinamisha macho tu.

Alimtazama Prince. Akanitazama. Kinywa kilikuwa bado wazi.

"Nilikosea kipimo," akasema.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Musabato na kahawa, ni kama kipofu anauza vioo," na watu wakacheka. Kicheko kilipita kwa mmoja na mwingine, hata kwa wale waliokuwa na fimbo. Kapita hakucheka. Alimwambia yaya aende kila siku kumpikia uji Papa Léopold mpaka atakapopona, na Prince aangalie anavyoupika. Prince akasema sawa.

Mimi nilikuwa ninamtazama mtu mmoja tu. Aliinama, akachukua bidoni yake, akaibadilisha mkono kwa sababu ilikuwa nzito, akapanda nayo njia ya nyumbani kwake. Sikuondoa macho mpaka mikaratusi ilipomficha.

Tulirudi mimi na yaya kwa njia ya bondeni, ambako hakuna nyumba. Alikuwa anatembea mbele, kitambaa amekifunga vizuri.

"Sijawahi kukosea kipimo," akasema bila kugeuka.

"Ninajua, yaya."

"Sasa watasema vile mpaka nitakufa. Nyiramana wa mara mbili. Watoto wataimba."

"Waseme," nikamwambia. "Na waseme miaka mingi."